Majeruhi mahututi Mtwara na Lindi: mwongozo kamili wa kuokoa dakika, kuanzia eneo la ajali hadi mikononi mwa daktari

Kule England, mgonjwa akiwa katika hatari ya kufa papo hapo, gari la wagonjwa limewekewa lengo la kufika kwa wastani wa dakika 7, na kwa wagonjwa tisa kati ya kumi lisizidi dakika 15. Lengo hilo halimsaidii aliyeanguka kutoka juu ya mkorosho Kilimarondo, wala aliyegongwa na lori usiku kati ya Nangurukuru na Lindi. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, linakula kilometa moja kwa dakika. Hospitali ikiwa kilometa 40, ni dakika 40 kumfuata majeruhi na 40 nyingine kurudi naye, tena kwa lami. Na hapo dereva awe ameshawasha gari.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hajawasha. Chukua mfano wa kubuni. Pikipiki inaanguka saa mbili usiku. Watu wanakusanyika, wanashangaa, wanapiga picha: dakika 10. Anatafutwa mwenye namba ya kituo cha afya: 15. Simu inapokelewa, dereva yuko nyumbani kwake: 20. Gari halina mafuta ya kutosha: 20 nyingine. Saa moja na dakika tano zimekwisha na tairi halijazunguka. Barabara huwezi kuifupisha, lakini hiyo saa na dakika tano inafupika, na wanaoweza kuifupisha ni watu wa palepale kijijini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanyika kabla ajali haijatokea.

Neno moja kuhusu ile "saa ya dhahabu" inayotajwa kwenye semina. Kauli hiyo ilienezwa na daktari wa upasuaji wa Marekani, R Adams Cowley, wa Baltimore. Ni nzuri kwa kuhimiza haraka, ila usiichukue kama saa ya ukutani. Aliyekatika mshipa mkubwa wa paja ana dakika chache tu. Aliyevunjika mguu bila kuvuja damu nyingi anaweza kuvumilia saa kadhaa akifungwa vizuri. Kazi ya kwanza ni kujua nani ni nani.

Kabla ya ajali: kaeni kikao kimoja

Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mtu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) wakikaa asubuhi moja, kazi inakwisha. Kuna mambo sita ya kumaliza.

La kwanza ni namba za simu. Zinatakiwa tatu: ya chumba cha dharura au mapokezi ya hospitali ya wilaya, ya mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu, na ya dereva mwenyewe wa gari la wagonjwa. Kwa uzoefu wa vijiji vingi, hiyo ya tatu ndiyo inayowahisha, kwa sababu simu ya ofisi usiku hulala na ofisi. Ziandikeni kwa rangi ukutani: kijiweni, ofisi ya kijiji, duka la dawa, ghala la korosho. Karatasi ya gundi masika moja inaimaliza. Kila mwanzo wa mwezi mtu mmoja azipigie zote kuhakikisha bado zinafanya kazi, maana madereva huhamishwa na laini hubadilishwa.

Kuna pia namba za kitaifa, ambazo kila mtoto wa darasa la nne anapaswa kuzijua: 112 ni Polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji. Namba 115 ni ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura. Mjamzito akipata ajali, piga 115 bila kusita. Kwa majeruhi mwingine, anza na namba za ukutani.

Pili, mtandao. Kila kijiji cha bondeni kina mahali ambapo simu inashika: kwenye kichuguu, chini ya mbuyu fulani, juu ya mteremko wa shule. Mahali hapo pajulikane na kila mtu, na ikitokea ajali mtu mmoja mwenye pikipiki atumwe huko na ujumbe ulioandikwa, asiende kusimulia kutoka kichwani.

Tatu, magari ya akiba. Orodhesheni pickapu, Noah, Canter na bajaji zote zinazolala kijijini: mwenyewe nani, dereva nani, usiku anapatikana wapi. Kila gari liwe na dereva wa pili, kwa sababu wa kwanza atakuwa msibani Newala siku unayomhitaji.

Nne, mafuta. Hapa ndipo ndugu wengi huumbuka. Zipo sehemu ambako familia huambiwa ichangie mafuta ndipo gari litoke. Unaweza kulalamika baadaye, na ulalamike kweli, lakini usiku ule unahitaji mafuta. Elewaneni mapema na kituo cha mafuta au muuzaji wa kijijini atoe kwa daftari, kijiji au AMCOS ikilipa baadaye. Msimu wa korosho, malipo ya minada yanapoingia, ndio wakati wa kutenga fungu hilo. Kuchangishana saa sita usiku wa mwezi Machi hakutawafikisha popote. Ila msihifadhi petroli ndani ya ofisi au nyumba ya mtu.

Tano, njia ikikatika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake viliivunja barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika maeneo ya Somanga na mengine ya Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Kijiji kiamue mapema: daraja hili likienda, hospitali yetu ni ipi kwa upande huu? Wa visiwani, Songosongo au Kilwa Kisiwani, wana hesabu nyingine: mashine ya boti ipo kwa nani, na bahari iko vipi. Maji yakipwa, boti haigusi ufuko, na majeruhi atabebwa kwenye tope mabegani. Wanne wa kubeba wawe wamepangwa.

Sita, sanduku. Halihitaji kuwa la gharama: glovu, bandeji na shashi, kanga safi nne, mkasi mkubwa wa kukatia nguo, tochi, kalamu ya wino mzito, vipande viwili vya ubao vya kufungia gango, shuka imara, na kijiti kigumu chenye urefu wa shibiri moja. Kijiti utaona kazi yake hapo chini. Glovu zikikosekana, mfuko wa mkate unatosha kukinga mkono.

Ajali imetokea: dakika tatu za kwanza

Kata matawi uyatandaze barabarani pande zote mbili, mbali na ajali kiasi cha dereva anayekuja kwa kasi kupata nafasi ya kusimama. Madereva wa Kusini wanaielewa alama hiyo kuliko pembetatu yoyote. Zima injini ya gari lililoanguka, nyaya za umeme zikiwa chini usizisogelee. Lori la mafuta likipinduka, ondoa watu. Yaliyotokea Morogoro Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya mia walikufa baada ya kuchota petroli, yanajulikana na kila mtu, na bado ndoo hutoka.

Wakiwa majeruhi wengi, kwa mfano basi limepinduka, masikio yasikudanganye. Anayepiga kelele anapumua. Nenda kwanza kwa aliyenyamaza na kwa anayetapakaa damu. Wanaoweza kutembea waambie wakae pamoja chini ya mti mmoja, na mpe mmoja wao kazi ya kuwahesabu.

Kisha gawa kazi kwa kumtaja mtu. "Jamani pigeni simu" haifanyi kazi, kila mmoja atadhani mwenzake anapiga. Sema: "Hamisi, piga namba ya ukutani. Mama Zuhura, niletee kanga. Wewe mwenye koti, waondoe wanaopiga picha."

Damu kwanza

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipoteza mbili, yuko ukingoni. Ajali nyingi za huku, ziwe za panga shambani, za pikipiki, hata za baruti kwa wale wavuvi waliong'ang'ania uvuvi haramu, humuua mtu kwa kuvuja kabla hazijamuua kwa kingine chochote. Kinachozuia ni mikono yako, hata daktari asipokuwepo.

Chana nguo uone jeraha lenyewe, usikandamize juu ya suruali ukidhani umepata. Kunja kanga iwe bunda dogo gumu, liweke penye chanzo cha damu, kandamiza kwa viganja viwili na mikono ikiwa imenyooka, uzito wa mwili ukiwa juu yake. Dakika 10 kamili kwa kuangalia saa, bila kuchungulia. Hapa wengi hukosea: kila dakika wanainua kitambaa kuona kama damu imekata, na kila wakiinua wanaibandua ile iliyoanza kuganda. Ikilowa, ongeza nyingine juu na uhakikishe bado uko penye chanzo. Jeraha likiwa shimo refu, kama la paja au kwapa, sukuma kitambaa ndani hadi lijae, halafu kandamiza.

Damu ya mkono au mguu inayoruka au isiyokubali kukata, tumia kijiti. Chana kitenge kipande chenye upana wa vidole vitatu hadi vinne. Usitumie kamba ya kiatu, waya wala mpira mwembamba, vinakata nyama. Kifunge juu ya jeraha, upande wa moyoni, kiasi cha upana wa vidole vinne kutoka kwenye jeraha, na kamwe kisikae penye kiungo chenyewe cha goti au kiwiko. Piga fundo, weka kijiti juu yake, piga fundo jingine, kisha zungusha kijiti. Majeruhi atalia, na ni lazima itauma. Unazungusha hadi damu isimame kabisa. Ikipungua tu, bado. Kifunge kijiti kisirudi nyuma.

Andika muda kwenye paji la uso wake au kwenye mkono usioumia kwa ile kalamu, na uandike kamili: "saa 2:40 usiku". Ukiandika "2:40" peke yake, muuguzi anayefuata saa ya hospitali atasoma saa nane na dakika arobaini usiku, na hesabu ya saa ambazo mguu umekaa bila damu itakuwa ya uongo. Usilegeze njiani "ili mguu upumue". Kulegeza ni kazi ya daktari aliye tayari kuishika damu ikirudi.

Kilichochomeka, iwe mshale, nondo au kipande cha mti, kiache hapohapo na kikazwe kwa nguo pembeni kisitikisike. Utumbo ukiwa nje, funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, usiurudishe. Jeraha la kifuani linalovuta hewa usilizibe kabisa kwa nailoni na plasta pande zote. Hewa ikinaswa ndani inamkaba. Liache wazi, au likivuja damu weka kitambaa chepesi tu.

Damu nyingine haionekani. Mfupa wa paja ukivunjika unaweza kumeza lita nzima ndani ya nyama, na nyonga zaidi ya hapo. Mtu aliyegongwa na gari, analalamika nyonga, anatoka jasho la baridi na midomo imepauka, mfunge shuka kuzunguka nyonga, usawa wa mifupa inayojitokeza juu ya mapaja, mkaze kwelikweli, na umhesabu kuwa mahututi hata kama hujaona tone.

Pumzi na shingo

Aliyezimia, ulimi au damu huziba koo. Weka vidole nyuma ya pembe za taya, sukuma taya mbele bila kukunja shingo, futa unachokiona mdomoni. Kama anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja. Watu wengine, kwa kuogopa uti wa mgongo, humwacha chali huku anakoroma na matapishi yake. Mgongo una umuhimu wake, ila pumzi ni kwanza.

Kama hapumui na moyo umesimama, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana. Niseme wazi: aliyesimama moyo kwa sababu ya ajali kubwa huamka mara chache sana. Wakiwa majeruhi wengi na nyinyi mko wawili, nendeni kwa walio hai.

Mfunike. Anayevuja damu akipoa, damu yake inaganda vibaya, hata kama Lindi nzima inatoka jasho. Usimpe maji, chai wala soda. Huenda akaingia thieta, chumba cha upasuaji, saa hiyohiyo. Aliyeungua, mwagie maji safi yanayotiririka dakika 20, funika kwa kitambaa safi, na dawa ya meno ibaki bafuni.

Simu inayosikika upande wa pili

Simu ya dharura inapotea kwa salamu ndefu na mayowe. Iwe hivi:

"Shikamoo daktari, napiga kutoka Mnazi Mmoja, njia ya kwenda Masasi. Pikipiki na Canter, majeruhi wawili. Mmoja hajitambui, anakoroma. Wa pili mguu umekatika, tumefunga saa 2:40 usiku, damu imesimama. Tuna pickapu hapa. Tuwasubiri au tuje?"

"Marahaba. Wanapumua wote?"

"Wote, daktari."

Tazama kilichomo: mahali, aina ya ajali, idadi, hali, muda, usafiri uliopo, na swali. Eneo litaje kwa kitu ambacho dereva mgeni atakiona usiku: jiwe la kilometa pembeni ya barabara kuu, mnara wa simu, msikiti, daraja. "Pale kwa Mzee fulani" haimsaidii aliyehamia juzi. Kama simu ni janja, tuma eneo kwa WhatsApp. Usikate kabla hujaambiwa, na simu hiyo isitumike tena kupigia shangazi na wajomba. Dereva atakuwa anaitafuta.

Kusubiri au kuondoka

Huu ndio uamuzi mgumu kuliko yote, na majibu ya vitabu vya nje hayatoshi. Hesabu yangu ni hii. Muulize dereva wa gari la wagonjwa atafika baada ya dakika ngapi. Linganisha na dakika za gari mlilonalo hadi hospitali. Kama lake limeshatoka na lina muuguzi na oksijeni, na atakufikia chini ya nusu saa, na majeruhi anapumua na damu imeshikwa, subiri. Kama bado "wanamtafuta dereva", ondokeni na mkutane njiani. Kukutana njiani ni njia nzuri isiyotumika vya kutosha: kila upande unaenda, mnakubaliana mahali panapojulikana, mnahamisha majeruhi, safari inakatwa nusu.

Anayevuja damu ndani ya tumbo au kifua asisubiri kitu chochote. Hakuna cha kumfanyia pale chini. Anahitaji kisu cha daktari na chupa za damu. Eneo la ajali msikae naye zaidi ya dakika 10.

Kumbeba

Mshikaki, majeruhi katikati, mmoja anaendesha na mwingine amemkumbatia nyuma, ndiyo ambulensi ya vijiji vingi. Kwa aliyevunjika mkono, sawa. Kwa asiyejitambua, kichwa kinaning'inia, koo linaziba na shingo inachezeshwa kila shimo. Kama pikipiki ndiyo pekee iliyopo, imchukue hadi gari linapoweza kufika, si zaidi.

Machela ya haraka ni kitanda cha kamba, mlango uliong'olewa, au mianzi miwili iliyopitishwa ndani ya magunia ya korosho yaliyotobolewa pembe. Kumpandisha kunahitaji watu watano. Mmoja anashika kichwa kwa mikono miwili, masikio yakiwa kati ya viganja, na huyo ndiye bosi hata kama ndiye mdogo kuliko wote. Watatu wanapiga magoti upande mmoja: mikono begani, nyongani, magotini. Wa tano anashika ubao. Mwenye kichwa anasema: "Moja, mbili, tatu, geuza." Mwili wote unageuka pamoja kama gogo, ubao unaingia, "moja, mbili, tatu, rudisha." Kichwa hakiachwi hadi kimekazwa kwa kanga zilizoviringishwa pande zote mbili. Fanyeni jaribio hili siku ya mkutano wa kijiji, mtu mzima akijilaza kweli. Mtacheka sana, lakini mikono itakumbuka.

Mwenye kofia ngumu anayepumua vizuri, mwachie kofia yake. Kama inaziba pumzi, wawili waivue: mmoja ameshika taya na kisogo kutoka chini, mwingine anaipanua na kuivuta polepole.

Kwenye pickapu, tandika godoro, kichwa kielekee mbele, na wakae watu wawili tu naye: mmoja kichwani akiangalia pumzi, mwingine kwenye jeraha. Ndugu wengine wafuate nyuma. Dereva aende mwendo wa kawaida wenye busara. Gari la majeruhi likipinduka Mingoyo, kijiji kitakuwa na misiba mingi badala ya mmoja.

Hospitali ipi?

Kituo cha karibu si lazima kiwe ndicho sahihi. Zahanati inaweza kufungua njia ya hewa, kuweka dripu na kukaza bandeji, lakini haina thieta. Piga simu uulize maswali matatu: daktari wa upasuaji wa zamu yupo? Damu ipo? Kwa aliyeumia kichwa, CT-Scan, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, inafanya kazi leo?

Kwa Mtwara, njia zinaelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Ukiwa Masasi kuna Mkomaindo, na kama kilometa 40 kuja upande wa pwani kuna Ndanda, hospitali ya misheni ya Wabenediktini yenye jina kubwa Kusini nzima. Nanyumbu, Newala na Tandahimba zina hospitali zao za wilaya. Kwa Lindi, Sokoine ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Nyangao iko kwenye barabara ya Masasi. Kilwa wana Kinyonga pale Kivinje. Liwale ndiko kwenye shida kubwa: hadi Nachingwea ni zaidi ya kilometa 100, na mvua ikinyesha kilometa hizo huhesabiwa kwa saa. Kutoka huko, simama hospitali ya wilaya majeruhi atulizwe kwanza, usianze safari ya kwenda pwani na mtu anayevuja.

Kuna dawa moja ya kuikumbuka kwa jina: traneksamiki asidi. Utafiti mkubwa wa CRASH-2, uliotolewa mwaka 2010 baada ya kuhusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya wanaovuja damu. Sharti lake ni muda: itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia, na kila robo saa ya kuchelewa inapunguza faida yake. Baada ya saa 3 inaweza hata kudhuru. Kwa mtu mzima ni gramu 1 kwa dripu ya dakika 10, kisha gramu nyingine polepole kwa muda wa saa 8. Ukipita kituo cha afya, uliza kwa adabu: "Daktari, aliumia saa 2:35 usiku. Ile traneksamiki anaweza kuipata hapa kabla hatujaendelea?" Ndiyo sababu muda wa ajali uandikwe, ukumbukwe na utajwe kila mnapokabidhi.

Kukabidhi nako kuna namna yake. Mlangoni azungumze mmoja tu, kwa nusu dakika: umri, aliumia saa ngapi, aliumiaje, kilichoumia, hali yake njiani ilipanda au ilishuka, mmemfanyia nini. La kushuka ni muhimu mno kwa kichwa. Aliyezimia, akaamka akaongea, kisha akaanza kusinzia, huenda damu inajaa ndani ya fuvu. Sema hivyo kwa sauti, usikubali alazwe benchi "apumzike".

PF3, damu na ndugu

Tiba ya dharura haitakiwi kusubiri PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Mtu mmoja apite polisi kuichukua wakati majeruhi anaendelea kutibiwa. Ukikutana na anayesisitiza fomu kwanza mbele ya mtu anayevuja, omba kuonana na mganga mfawidhi au daktari wa zamu. Usigombane na mlinzi, unapoteza dakika zilezile ulizookoa. Fomu yenyewe usiipuuze, kwani bila hiyo kesi na fidia ya bima ya gari vitasumbua. Toa nakala mbili, moja ibaki nyumbani.

Ndugu waliokuja nyuma wana kazi kubwa kuliko kukaa ukumbini. Wenye miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, waende maabara kuchangia damu. Mtu hutoa kama mililita 450. Ukweli ni kwamba damu ya usiku huo hutoka kwenye akiba ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, iliyochangwa na watu wasiomjua mgonjwa wenu. Yenu itamfaa wa kesho. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Damu haiuzwi.

Andikeni muda wenu

Wiki moja baadaye, walewale wa kikao wakae tena na daftari. Mistari saba: saa ya ajali, saa ya simu ya kwanza, saa gari lilipoondoka, lilipofika, lilipoondoka na majeruhi, lilipofika hospitali, na saa daktari alipomgusa. Toeni kila mstari kutoka kwa unaofuata, mtaona pengo lilipo. Likiwa kati ya ajali na simu, tatizo ni lenu. Likiwa kati ya simu na gari kuondoka, lipelekeni kwa diwani na mganga mkuu wa wilaya, mkiwa na ajali tatu au nne zilizoandikwa kwa saa na tarehe. "Gari linachelewa sana" ni lalamiko ambalo kila kikao cha baraza hulisikia. "Mara tatu tangu Juni gari limetoka zaidi ya dakika 50 baada ya simu, na mara zote tatu sababu ilikuwa mafuta" linamlazimu mtu kujibu, na hapo diwani ana cha kushika mkononi bajeti ya halmashauri inapojadiliwa.